Kalenda ya Taifa na Idi ya Maniema

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina orodha fupi ya siku ambazo ofisi za serikali, shule na mahakama hufungwa nchi nzima, na mfanyakazi hulipwa bila kwenda kazini. Orodha hiyo huwekwa kwa amri ya Rais. Ile ya Mei 2014 ilikuwa na siku tisa: Mwaka Mpya, 4 Januari, kuwakumbuka mashahidi wa uhuru waliouawa Léopoldville mwaka 1959, 16 Januari, kifo cha Mzee Laurent-Désiré Kabila mwaka 2001, 17 Januari, kuuawa kwa Patrice Emery Lumumba mwaka 1961, Sikukuu ya Wafanyakazi 1 Mei, 17 Mei, siku majeshi ya waasi wa AFDL yalipoingia Kinshasa mwaka 1997, Uhuru 30 Juni, Sikukuu ya Wazazi 1 Agosti, ambayo asubuhi yake watu husafisha makaburi na baadaye huwakirimu wazazi walio hai, na Krismasi. Mwaka 2023 Rais Félix Tshisekedi aliongeza 6 Aprili, siku ya mapambano ya Simon Kimbangu. Mtu wa Kasongo, Kabambare au Salamabila akiipitia orodha hiyo tangu Januari hadi Desemba haoni Idi ya kufungua Ramadhani wala Idi ya kuchinja. Kusini mwa jimbo la Maniema, ambako Waislamu waliswali Idi kabla kanisa la kwanza halijajengwa na kabla bendera ya mfalme Leopold wa Ubelgiji haijapandishwa, pengo hilo linauma. Serikali inapaswa kuliziba, na inaweza kuliziba bila kuvunja katiba wala kuongeza gharama ya maana.

Tuanze na madhara, maana wapo wanaoliona jambo hili kuwa la heshima tu, lisilogusa maisha. Siku isiyo katika orodha ni siku ya kazi. Mwalimu wa shule ya serikali anayekwenda kuswali Idi anahesabiwa hakufika. Muuguzi wa kituo cha afya anaomba ruhusa, na ruhusa iko mikononi mwa mkubwa wake: akikubali ni hisani, akikataa hakuna pa kulalamika. Salamabila, ambako mgodi wa dhahabu wa Namoya umewafundisha vijana wengi maisha ya zamu na karatasi ya mahudhurio, tofauti kati ya siku iliyomo na isiyomo inaonekana kwenye mshahara. Anayefanya kazi siku ya mapumziko ya kisheria anadai malipo ya ziada. Anayekosa zamu siku ya Idi anakatwa. Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya dini yake, na hilo ni jema. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi siku za ruhusa kwa ndoa, uzazi na msiba, lakini haikutaja ibada. Kwa wanafunzi mambo ni magumu zaidi. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka Idi inarudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja hivi. Katika miaka hii Idi ya kuchinja imekuwa ikiangukia majira ya Mei na Juni: mwaka 2024 ilikuwa 16 Juni, mwaka 2025 ilikuwa 6 Juni, Ijumaa. Hiyo ndiyo miezi ya mitihani ya mwisho wa mwaka wa shule. Siku ikiwa imeandikwa katika orodha, hakuna atakayepanga mtihani juu yake. Isipoandikwa, mtoto analazimika kuchagua kati ya karatasi ya hesabu na swala iliyo mara moja kwa mwaka.

Ili kuelewa kwa nini Kasongo na Kabambare zina haki ya pekee katika madai haya, lazima turudi kwenye njia ya misafara. Kutoka Ujiji wafanyabiashara wa Zanzibar na wa pwani walivuka ziwa Tanganyika, wakapita Kabambare, wakafika Kasongo, kisha Nyangwe ukingoni mwa Lualaba. David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, na tarehe 15 Julai mwaka huo akashuhudia watu wa misafara wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni, mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Miaka michache baadaye Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, akaifanya Kasongo makao yake. Mji huo wa zamani, mahali panapoitwa Tongoni, ulikuwa na nyumba za udongo zilizojengwa kwa mtindo wa pwani, mashamba ya mpunga na miembe, na watu waliovaa kanzu na kusali. Mwezi wa Aprili 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis liliuteka kutoka kwa Sefu, mwana wa Tippu Tip. Waarabu wengi waliuawa au wakakimbilia mashariki. Waliobaki walikuwa wenyeji: Wakusu, Wabangubangu na wengineo, watu waliosilimu wakiwa wapagazi, askari, mafundi, wake na watoto wa misafara, wengi wao wakiwa walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijiji vyao. Hao ndio walioubeba Uislamu wa Maniema katika karne ya ishirini. Hawakuwa na meli, bunduki wala mfalme wa kuwatetea. Walikuwa na walimu wa Kurani, na Idi mbili kwa mwaka.

Dola mpya haikuwaamini. Mwaka 1906 Dola Huru ilitia saini mkataba na Vatikani uliozipa misheni za Kikatoliki ardhi, hekta 100 hadi 200 kwa kila kituo, kwa masharti ya kuendesha shule. Mapadri Weupe walikuwa wamekwishafika Kasongo mwaka 1903. Tangu hapo elimu ya kisasa ilipitia mlango wa misheni, na kwa muda mrefu ruzuku ya serikali ya kikoloni ilikuwa ya Wakatoliki peke yao, kisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia na ya Waprotestanti. Shule za serikali zisizo za dini zilianza kufunguliwa kwa Waafrika katikati ya miaka ya 1950 tu. Mzazi Mwislamu wa Kasongo alikuwa na njia mbili: ampeleke mtoto misheni akabatizwe, au amwache chuoni kwa mwalimu wa Kurani bila cheti kinachotambulika. Tarika ya Kadiria ilipoenea Maniema kutoka mashariki, wakoloni waliiona ni hatari ya siasa, wakaichunguza na kuibana. Matokeo yake yalidumu hata baada ya uhuru, kwa kuwa aliyekosa shule hakupata ofisi, na asiye na ofisi hakuwapo mezani kalenda ilipoandikwa. Jumuiya ya Kiislamu, ambayo leo inaitwa COMICO, ilipata kutambuliwa na serikali katika miaka ya 1970. Mkataba wa shule wa 26 Februari 1977, ulioyarudishia makanisa usimamizi wa shule zilizotaifishwa na Rais Mobutu, ulitiwa saini na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu waliingia baadaye. Sisemi haya ili kuwashtaki mapadri wa leo, ambao shule na hospitali zao zimemsaidia kila mtu bila kuuliza dini. Nasema kwamba ukimya wa kalenda una historia, na historia hiyo iliandikwa na watu waliokuwa na sababu za kutotaka Waislamu waonekane.

Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linapotokea, na halifai kukwepwa. Wapo Wakongomani, wengine wao wazawa wa Maniema, wanaosema: dini hii ililetwa na wauza watumwa, na kuipa siku ya taifa ni kuwaheshimu waliowaua mama zetu Nyangwe. Maumivu hayo ni ya kweli, na kila madrasa ya Kasongo ingepaswa kuwasomesha watoto habari za 15 Julai 1871 bila kuzipunguza makali. Ila hukumu hiyo inawaangukia wasiohusika. Idi si kumbukumbu ya Tippu Tip. Aliyeiadhimisha Kasongo baada ya 1893 mara nyingi alikuwa mjukuu wa mateka, na kumnyima siku yake kwa ajili ya dhambi za aliyemteka babu yake ni kumwadhibu mara mbili. Tena taifa limekwisha kukubali vitu vingine vilivyokuja na misafara ileile. Mchele, uliofanya Maniema kuwa ghala la wakoloni na unaoliwa leo hadi Kinshasa, uliingia huku pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Kiswahili nacho kiliingia hivyohivyo, na kifungu cha kwanza cha katiba ya 18 Februari 2006 kinakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Hakuna mbunge aliyesimama kudai lugha hii ifutwe kwa sababu ilisikika kwanza mdomoni mwa kiongozi wa msafara, na asingesikilizwa, kwa maana waliokifanya Kiswahili kuwa cha Kongo ni Wakongomani. Uislamu wa Kasongo na Kabambare ulifanywa wa Kongo na watu haohao, kwa miaka ileile. Na tukipima dini kwa mikono iliyoileta, Ukristo nao uliingia sehemu kubwa ya nchi hii ukifuatana na dola iliyokata watu mikono kwa ajili ya mpira, na bado tunasherehekea Krismasi, kama inavyostahili.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanasheria. Kifungu hichohicho cha kwanza kinasema Kongo ni nchi isiyo na dini ya taifa, kwa hiyo, wanasema, serikali haina kazi na Idi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kalenda ingekuwa haina dini yoyote. Kongo iliwahi kujaribu njia hiyo. Mwaka 1974, katika siku za siasa ya uhalisi, Mobutu aliifuta Krismasi katika siku za mapumziko, baada ya kuwa amekwisha kupiga marufuku majina ya Kikristo. Nafasi ya sherehe ilijazwa na chama na kiongozi wake: 20 Mei kwa ajili ya MPR, 24 Novemba kwa ajili ya kumbukumbu ya yeye kutwaa madaraka mwaka 1965. Wakristo wa rika hilo wanajua ilikuwaje kuitwa kazini siku ya kuzaliwa Yesu, na jinsi amri ile ilivyosomwa na kila mtu kuwa ni kuwatia adabu. Krismasi ikarudi, na ilikuwa haki irudi. Mkristo aliyepitia hayo hahitaji kufafanuliwa sana anayodai jirani yake Mwislamu, kwa sababu yeye alionja kwa muda kile ambacho mwenzake anakionja kila mwaka.

Halafu ipo 6 Aprili. Mwaka 1921, tarehe hiyo, Simon Kimbangu alianza kazi yake ya kuhubiri na kuponya huko Nkamba, Kongo ya Kati. Mwaka huohuo Wabelgiji walimhukumu kifo, mfalme Albert akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akakaa gerezani Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo. Kanisa lake halikutambuliwa mpaka Desemba 1959. Serikali ilipoitangaza siku yake iliiunganisha na mwamko wa Mwafrika, ili isiwe ya kanisa moja pekee, lakini ukweli ni kwamba anayetukuzwa ni mwanzilishi wa kanisa, na tarehe iliyochaguliwa ni ile ya kuanza kwa utume wake. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa mzuri. Ulionyesha kwamba nchi isiyo na dini ya taifa inaweza kutumia kalenda kurudisha heshima kwa jumuiya ya dini iliyodhulumiwa na wakoloni, na hakuna mahakama iliyoona katiba imevunjwa. Basi kama mlango ulifunguliwa kwa Nkamba, kwa sababu gani ya kisheria utafungwa kwa Kasongo? Katiba inasema pia, katika kifungu cha 13, kwamba Mkongomani asibaguliwe kwa sababu ya dini katika elimu, katika kazi za umma, wala katika jambo lolote, na kifungu cha 22 kinampa uhuru wa kuidhihirisha imani yake hadharani. Vifungu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya wachache, maana walio wengi hawahitaji ulinzi wa maandishi.

Kuhusu uchache huo, hakuna anayejua idadi. Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984, na makadirio ya Waislamu yanatofautiana mno: wengine husema asilimia 10, wengine chini ya hapo. Linalojulikana ni kwamba Maniema inazidi majimbo mengine, na kwamba katika Kasongo Waislamu ndio wengi. Lakini hata hesabu ikitoka ndogo, majirani wametupa jibu. Sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 iliwakuta Waislamu wakiwa kama asilimia 2 ya watu, na Rwanda inafunga ofisi kwa Idi zote mbili. Burundi inafanya vivyo hivyo, na Uganda pia. Tanzania haijauliza dini katika sensa tangu mwaka 1967, kwa makusudi, isije idadi ikawa silaha. Badala ya kuhesabu, imeweka Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Krismasi kwa upande mmoja, Idi mbili na Maulidi kwa upande wa pili, na viongozi wa Kikristo wanahudhuria Baraza la Idi. Mfanyabiashara wa Kabambare akivuka ziwa kwenda Kigoma anaikuta Idi yake imeandikwa katika kalenda ya ukutani; akirudi kwao, ambako babu zake wamezikwa, haipo.

Mfano wa mbali zaidi unatoka visiwa vya Karibi, Trinidad na Tobago. Nchi ile ina watu takriban milioni moja na nusu, wajukuu wa watumwa kutoka Afrika na wa vibarua waliotolewa India kuanzia meli ya Fatel Razack ilipotia nanga tarehe 30 Mei 1845. Kwa sensa ya mwaka 2011 Waislamu walikuwa asilimia 5. Serikali ya Uingereza iliwatawala kwa mkono mzito: mwaka 1884 polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa katika maandamano ya Muharram na kuua wengi. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, nchi iliiweka Idi ya Ramadhani katika siku za mapumziko ya wote, pamoja na Divali ya Wahindu. Hawakuishia hapo. Wabatisti wa Kiroho, kanisa la watu weusi lililochanganya ibada ya Kikristo na desturi za Kiafrika, walipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1917, na sheria hiyo ikafutwa 30 Machi 1951. Tangu mwaka 1996 tarehe 30 Machi ni siku ya taifa zima. Tarehe 1 Agosti, ambayo kwetu ni ya wazazi, kwao tangu 1985 ni ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa. Angalia walivyofanya: kumbukumbu ya utumwa imo katika kalenda, na sikukuu za dini mbalimbali zimo, na moja haikuzuia nyingine. Kongo nayo inaweza kuwa na Idi ya Kasongo na pia kuwa na siku ya kuwalilia waliochukuliwa minyororoni kwenye njia ya Kabambare. Mzee wa msikiti na mzee wa kanisa wanaweza kusimama pamoja siku zote mbili.

Waziri wa fedha ataniuliza gharama. Kwanza, siku kumi za Kongo ni chache kuliko za Tanzania au Uganda, hivyo kuongeza mbili hakutufanyi nchi ya wavivu. Pili, uchumi wa kusini mwa Maniema unabebwa na mkulima wa mpunga na mihogo, mchimbaji mdogo wa dhahabu, mwendesha pikipiki na mama wa soko, na hao hawafungwi na orodha ya Rais, wanapumzika wanapoamua. Hapo mtu anaweza kunigeuzia hoja: kama orodha haiwahusu walio wengi, ya nini kuibishania? Ni kwa sababu watoto wa mkulima na wa mama wa soko wako shuleni, kesi zao ziko mahakamani, wagonjwa wao wako hospitalini, na huko kote orodha inatawala. Tena Kasongo siku ya Idi mji unasimama hata bila amri. Madarasa yanabaki na wanafunzi wachache, maduka yanafungwa, Wakristo wanakwenda kula wali kwa jirani na shemeji zao Waislamu, kwa kuwa ukoo mmoja huku una Fatuma na Maria. Gharama hiyo imekwisha kulipwa. Kinachokosekana ni sheria kukiri hali iliyopo, ili mwalimu asihesabiwe mtoro kwa jambo ambalo hata mkaguzi wake amelifanya.

Kwa anayeogopa kuifunga nchi nzima, Kenya imebuni njia ya kati. Sheria yake ya sikukuu za umma inaiweka Idi ya Ramadhani kuwa ya watu wote, na Idi ya kuchinja kuwa mapumziko ya watu wa dini ya Kiislamu, na mara nyingi waziri huitangaza kwa wote kwa tangazo la gazeti la serikali. Kongo inaweza kuanza hapo: Idi moja kwa taifa zima, nyingine iwe haki ya kisheria ya kila mfanyakazi na mwanafunzi Mwislamu. Njia hiyo inajibu pia hofu ya kwamba kila dhehebu litakuja kudai siku yake. Hofu hiyo haina ubaya. Wakatoliki wa dayosisi ya Kasongo hawana Jumatatu ya Pasaka wala Kupaa Mbinguni katika orodha, na Wakimbangu wanasherehekea kuzaliwa kwa Yesu tarehe 25 Mei. Wote hao wapewe siku moja au mbili za ibada kwa mwaka, kila mtu achague na atoe taarifa mapema, na Sheria ya Kazi iziandike karibu na zile za ndoa na msiba. Madai ya Mwislamu hayapungui kwa Mkatoliki kupata yake.

Habari ya mwezi husemwa kwa wepesi mno, kana kwamba ni kizuizi. Ni kweli Idi haijulikani kwa uhakika mpaka mwezi uandame, na Waislamu wenyewe pengine hutofautiana kwa siku moja, wengine wakifuata tangazo la Makka na wengine mwandamo wa kwao. Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali zinaishi na jambo hilo kila mwaka: kalenda inaonyesha tarehe inayotarajiwa, na usiku wa mwezi baraza la Waislamu linathibitisha, serikali inatangaza redioni. Kinachotakiwa ni COMICO kuwa na sauti moja, na hapa Waislamu wa Kongo wana wajibu wao. Migogoro ya uongozi ndani ya jumuiya imewapotezea miaka mingi. Asiyekubaliana na mwenzake juu ya nani atangaze mwezi atapata taabu kumwambia Rais autangaze.

Liko neno la mwisho ambalo watu hulinong'ona. Mashariki ya nchi imechoshwa na vita, na Beni na Ituri zimechinjwa na kundi la ADF linalojipamba kwa jina la Uislamu. Kwa watu wengi mbali na Maniema, Mwislamu amekuwa mtu wa kushukiwa. Lakini tarehe 1 Mei 2021 Sheikh Ali Amini alipigwa risasi ndani ya msikiti mkuu wa Beni akiwa katika ibada, mwezi wa Ramadhani, baada ya kuhubiri hadharani dhidi ya wauaji hao. Waislamu wa Kongo ni miongoni mwa waliouawa na miongoni mwa waliokataa. Salamabila nayo imesumbuliwa na watu wenye silaha, na chanzo kikubwa cha ugomvi kule kimekuwa mgodi: ardhi, ajira, na nani anafaidika na dhahabu. Kijana anayeona kwamba serikali inamkumbuka anapotakiwa kulipa kodi na kumsahau anapotakiwa kuheshimiwa ni rahisi kwa mwenye bunduki kumshawishi. Siku mbili katika orodha hazitamaliza vita, ila zitamwondolea mshawishi huyo sentensi moja ya kweli katika hotuba yake ya uongo.

Orodha ya siku za mapumziko haihitaji kura ya maoni wala marekebisho ya katiba. Ya 2014 ilikuwa amri ya Rais, na nyongeza ya 2023 ilikuwa amri ya Rais. Wabunge na maseneta wa Maniema, Wakristo na Waislamu, wanaweza kuiandikia Ikulu kwa pamoja, na maaskofu wa Kasongo na Kindu wakiweka saini zao kando ya ile ya COMICO, barua hiyo itakuwa ngumu kuwekwa kabatini. Nawaomba waiandike sasa, kabla mwezi wa Ramadhani ijayo haujaandama, ili mtoto wa Salamabila aende kuswali asubuhi ya Idi akijua shule yake imefungwa.